MAISHA YA JOHN BOYD DUNLOP, MGANGA WA WANYAMA ALIYEFUNGA UPEPO NDANI YA GURUDUMU



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya watu wakubwa: wahubiri, wafalme, waganga waliovumbua dawa. Safari hii tunawaletea mtu ambaye jina lake wengi wetu tulikwisha kuliona mara nyingi, lakini pengine hatukujua kama ni jina la mtu. Liko limeandikwa kwa herufi za mpira juu ya mapine ya motokari: DUNLOP. Wengine wanazani ni jina la kiwanda tu. Kumbe alikuwa baba wa watoto wawili, mtu mwenye ndevu ndefu, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kutunza farasi na ngombe wagonjwa.

1. UTOTO NA MASOMO

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 mwezi wa pili 1840 katika kijiji cha Dreghorn, inchi ya Uskoti, upande wa kaskazini wa Uingereza. Wazazi wake walikuwa wakulima. Walimwambia kwamba alizaliwa miezi miwili mbele ya wakati, na yeye akashika neno hilo rohoni: maisha yake yote alijihesabu kuwa mtu wa afya dhaifu, akajichunga sana. Lakini ugonjwa mkubwa hakuupata mpaka uzee wake. Kuna watu wa namna hiyo: wanaogopa kifo kila siku, na wanazika wale wenye nguvu.

Alisoma kazi ya uganga wa wanyama kule Edinburgh, akapata diploma angali kijana wa miaka 19 tu. Akafanya kazi kwao karibu miaka kumi. Mwaka 1867 akavuka bahari kwenda Ireland, akakaa kwanza Downpatrick pamoja na ndugu yake, kisha katika mji mkubwa wa Belfast. Kule alifungua nyumba ya kutunza wanyama, barabara ya May Street. Kazi ikaendelea vizuri mpaka nyumba yake ikawa moja ya zile kubwa katika Ireland yote. Mwaka 1871 alioa Margaret Stevenson, nao wakapata mtoto mwanamke na mtoto mwanamume.

Tukumbuke jambo moja hapa. Huyu mtu hakusoma mambo ya mashini. Lakini kazi ya mganga wa wanyama ilimfundisha kutumia mikono, na alizoea kushika vitu vya mpira. Ujuzi wa kazi moja mara nyingi unafungua mlango wa kazi ingine.

2. MTOTO NA BAISKELI YA MAGURUDUMU MATATU

Wakati ule magurudumu yalikuwa ya mbao ao ya chuma, na yale ya baiskeli yalikuwa na ukanda wa mpira mgumu kuzunguka. Sisi watu wa Lubero na Butembo tunaweza kufahamu jambo hilo upesi, juu tunajua chukudu. Gurudumu la chukudu ni mbao, na juu yake watu wanapigilia kipande cha pine ya zamani. Mwenye kushuka nayo mlima, na mzigo wa viazi ao makala, anajua namna kila jiwe la njia linaingia mpaka ndani ya mifupa.

Barabara za Belfast zilikuwa za mawe yaliyopangwa. Mtoto wa Dunlop, mwenye miaka karibu kumi, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, na alitikisika vibaya juu ya mawe hayo. Baba akaanza kufikiri. Mwezi wa kumi 1887 alichukua mpira mwembamba, akaugundisha ukawa kama utumbo mrefu, akauzungusha juu ya duara ya mbao yenye upana wa karibu sentimeta 96, akaufunika kwa kitambaa na kukipigilia misumari. Kisha akaujaza upepo kwa pompi ya mpira wa kuchezea.

Halafu akafanya majaribu, namna walimu wetu wa fizika wanavyotaka. Katika kiwanja cha nyumba yake alisukuma gurudumu la zamani la ile baiskeli: lilienda kidogo, likachoka, likaanguka. Akasukuma ile duara yenye upepo: ilikimbia mpaka mwisho wa kiwanja, ikagonga mlango na kurudi nyuma. Nguvu ya mkono ilikuwa ileile.

Kwa nini? Gurudumu gumu likikuta jiwe, linapaswa kupanda juu yake, na kwa kila kupanda nguvu zinapotea, na mtu anatikisika. Gurudumu lenye upepo linameza jiwe: pine inaingia ndani kidogo pale tu jiwe linapogusa, kisha inarudi kama mbele. Mzigo haupandi wala haushuki. Kwa hiyo safari ni laini, na tena ni nyepesi zaidi. Watu wengi walizani kitu laini lazima kitakawia. Duara ya Dunlop ilionyesha kinyume chake.

3. WATU WALICHEKA

Mwaka 1888 Dunlop aliomba serikali ya Uingereza haki ya uvumbuzi wake, na mwezi wa kumi na mbili akaipata. Lakini karatasi hailete mnunuzi. Watu walipoona mapine manene juu ya baiskeli nyembamba, walicheka sana.

Tarehe 18 mwezi wa tano 1889 kulikuwa mashindano kwenye uwanja wa Queen's College, Belfast. Kijana mmoja, Willie Hume, hakuwa mkimbiaji wa sifa kubwa, lakini alikuja na baiskeli yenye mapine ya Dunlop. Wenye kutazama walicheka mpaka mashindano yalipoanza. Hume aliwashinda wote. Kisha akavuka kwenda Uingereza, akashinda kule vilevile.

Kati ya walioshindwa kulikuwa wana wa mfanyabiashara mmoja wa Dublin, Harvey du Cros. Baba huyu hakukasirika. Alitazama gurudumu lililowashinda wana wake, akaona mali ndani yake. Mwaka uleule 1889 kampuni ilianzishwa kule Dublin kwa kutengeneza mapine, naye Dunlop akatoa haki yake na kupokea sehemu ya kampuni.

4. ALIYETANGULIA

Hapo Dunlop alipata pigo. Karibu miaka miwili baada ya kupewa haki yake, alijulishwa kwamba haina nguvu, kwa sababu mtu mwingine alitangulia. Huyo alikuwa Robert William Thomson, naye mtu wa Uskoti, aliyezaliwa 1822. Alipata haki ya gurudumu la upepo tangu 1845 katika Uingereza, kisha Ufaransa na Marekani. Mwaka 1847 alilionyesha London, juu ya gari la kuvutwa na farasi. Lilienda vizuri. Lakini wakati ule baiskeli za kutosha hazikuwako, motokari hazikuwako hata kidogo, na mpira ulikuwa wa bei kali. Uvumbuzi wake ukalala, ukasahauliwa, naye akakufa 1873.

Dunlop hakuiba neno la Thomson, hakulijua. Watu wawili walifikia wazo moja, miaka zaidi ya arobaini katikati yao. Wa kwanza alikuja mapema kuliko wakati wake. Wa pili alikuja saa watu walipokuwa na haja. Kampuni haikuanguka. Ilinunua haki za mafundi wengine, wale waliovumbua namna ya kushika pine juu ya chuma ya gurudumu bila kugundisha, ikaendelea kwa njia hiyo.

Tena tusisahau mtu wa tatu, Charles Goodyear wa Marekani, aliyevumbua mwaka 1839 namna ya kupika mpira pamoja na kiberiti cha unga, ili usiyeyuke kwa joto wala usivunjike kwa baridi. Bila yeye Thomson na Dunlop wasingeweza kitu. Naye alikufa 1860 mwenye madeni makubwa.

5. TAABU YA KUTOBOKA

Gurudumu gumu lilikuwa na sifa moja tu: halikutoboka. Upepo ulileta starehe, na pamoja nayo ukaleta msumari. Pine za kwanza za Dunlop zilikuwa zimegundishwa juu ya gurudumu. Zikitoboka, fundi alikuwa na kazi ya saa nyingi kuzitoa, kuziba, kugundisha tena, na kungoja zikauke.

Katika Ufaransa, mji wa Clermont-Ferrand, mtu mmoja alifika na baiskeli ya namna hiyo kwenye kiwanda cha ndugu wawili, André na Édouard Michelin. Walipoona taabu ile, walitafuta pine ya kufungua na kufunga upesi. Mwaka 1891 walikuwa nayo, na Charles Terront aliitumia akashinda mashindano marefu ya kutoka Paris mpaka Brest na kurudi. Mwaka 1895 ndugu Michelin waliweka mapine ya upepo juu ya motokari katika mashindano ya Paris mpaka Bordeaux na kurudi. Yalitoboka mara nyingi sana, lakini motokari ilifika. Mwaka 1904, kule Llanelli, katika Wales, gurudumu la akiba lilianza kuuzwa kwa jina la Stepney. Hata leo watu wa India wanaita gurudumu la akiba kwa jina hilo.

Mbele ya kuendelea, tuseme neno kwa wale watakaokuwa mashofere ao mafundi. Katika vilima vyetu motokari nyingi ni za 4x4, maana yake injini inaweza kusukuma magurudumu yote mane. Jeep ilijulikana 1941, Land Rover 1948, Toyota Land Cruiser ilianza 1951. Kubadilisha gurudumu la motokari hizi si kazi ya nguvu tu. Kuna mambo ambayo yasipofatwa yanaua mtu.

a) Endesha polepole mpaka mahali pa sawa, mbali na kona. Watu wote washuke. Weka matawi ya miti barabarani, nyuma na mbele, kwa mbali.

b) Vuta breki ya mkono, weka vitesi ya kwanza, na ingiza 4x4. Kama magurudumu ya mbele yana kifungo katikati, yafunge. Sababu yake ni hii: katika Land Rover za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika chuma kinachotoka katika sanduku la vitesi kwenda nyuma. Lakini kati ya magurudumu mawili ya nyuma kuna meno yanayoruhusu moja kuzunguka mbali na lingine, ili motokari ipige kona. Kwa hiyo gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, linaweza kuzunguka hewani, na lile linalobaki chini linaachiliwa. Motokari inatembea, inaanguka kutoka juu ya kriki, na breki iko imevutwa! Wengi hawajui jambo hili.

c) Kwa hiyo mawe ni lazima. Weka jiwe kubwa mbele na nyuma ya gurudumu litakalobaki chini, hasa lile la upande mwingine wa motokari. Mwenye kutegemea breki peke yake anatega maisha yake.

d) Legeza bulon zote, nusu ya mzunguko, gurudumu lingali chini. Likiwa hewani litazunguka, nawe utatikisa motokari juu ya kriki.

e) Udongo wetu wakati wa mvua ni kama sabuni. Weka kipande cha mbao pana chini ya kriki, na kriki chini ya chuma kinachobeba magurudumu, karibu na lile lililotoboka. Usiinue zaidi ya lazima. Lile gurudumu la akiba ulilaze chini ya motokari mbele ya kuinua. Kama kriki ikiteleza, motokari itaangukia gurudumu, haitaangukia mtu. Usiingize kichwa wala mguu chini, hata kwa dakika moja.

f) Funga bulon kwa kuvuka, moja huku, ingine ngambo yake, ili gurudumu likae sawa. Ukishusha motokari, kaza tena kwa nguvu. Baada ya kilometa chache, simama ukaze mara ingine.

g) Gurudumu la akiba liwe kipimo kimoja na mengine, na upepo wa kutosha. Dogo linazunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa. Kama 4x4 imeingizwa juu ya barabara ngumu, chuma za mbele na za nyuma zinashindana na meno yanavunjika. Katika matope mapine yanateleza kidogo na hakuna hasara. Juu ya njia ngumu, ondoa 4x4.

Mwenye kutoka Butembo kwenda Lubero, kupita ikweta, na kuendelea mpaka Kanyabayonga, anajua kwa nini tumeandika haya yote.

6. DAMU NDANI YA MPIRA

Sasa tufike kwenye sehemu ya maisha haya ambayo vitabu vingi vya Ulaya vinaruka. Upepo ni wa bure, lakini mpira unatoka wapi?

Baada ya 1888 Ulaya na Marekani ziliingiwa na tamaa ya baiskeli, kisha ya motokari, na viwanda vilihitaji mpira tena kwa nyaya za telegrafu na kazi zingine. Mashamba ya miti ya mpira katika Asia yalikuwa bado madogo. Mpira mwingi ulitoka katika misitu, na inchi moja yenye misitu hiyo ilikuwa yetu. Tangu 1885 mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliishika Kongo kama mali yake mwenyewe. Mwaka 1890 Kongo ilitoa karibu tani 100 za mpira. Mwaka 1901 ilitoa karibu tani 6000.

Mpira ule haukununuliwa sokoni. Watu wa kijiji walipewa hesabu ya kilo. Wanaume waliingia msituni kutafuta kamba za mpira, wakazikata, wakapaka maziwa yake juu ya ngozi zao mpaka yakauke, kisha wakayabandua pamoja na nywele za mwili. Wanawake walifungwa mpaka waume walete hesabu. Kijiji kilichokataa kilipelekewa askari, na askari walipaswa kuonyesha mikono iliyokatwa kama ushuhuda kwamba risasi hazikupotea bure.

Sisi wanafunzi wa shule ya Kiprotestanti tujue nani alisema. Mwaka 1899 William Sheppard, mchungaji Mupresbiteri, Mmarekani mweusi, aliingia kambi ya askari katika Kasai na kuhesabu mikono 81 ikikaushwa juu ya moto. Mwaka 1904 kule Baringa mtu mmoja, jina lake Nsala, alikuja kwa wamisionari akibeba katika jani mkono na mguu wa binti yake Boali, mwenye miaka karibu mitano. Alice Seeley Harris, mke wa mumisionari, alipiga picha ya baba huyo amekaa kuvitazama. Picha ile ilionyeshwa katika makanisa ya Uingereza na Marekani. Mwaka uleule habari ya konsuli Roger Casement ilichapishwa. Mwaka 1908 Leopold alipaswa kuachilia Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Mwaka 1909 Sheppard alishitakiwa na kampuni ya mpira kwa yale aliyoandika; aliachiliwa.

Mateso hayakuisha yote. Katika vita ya 1940-1945, Wajapani waliposhika mashamba ya Asia, serikali ya Wabelgiji iliongeza siku za kazi za lazima mpaka 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kutafuta mpira kwa ajili ya mapine ya majeshi.

Je, Dunlop ana kosa? Yeye hakutuma askari hata mmoja. Alitaka tu mtoto wake asitikisike. Mwaka 1895 alikuwa amekwisha kutoka katika kampuni. Hatuwezi kumhesabia dhambi ya Leopold. Lakini hatuwezi pia kusema kwamba mambo haya mawili hayajuane. Starehe ya mtoto mmoja katika Belfast na machozi ya baba mmoja katika Baringa yaliunganishwa na kamba moja ya mpira, na wale walionunua baiskeli katikati hawakuuliza. Swali lile halijakufa. Leo mawe ya inchi yetu yanaingia katika vyombo ambavyo ulimwengu wote unashika mkononi, na wengi wanaovinunua hawaulize yametoka wapi, wala kwa bei gani ya watu.

7. MWISHO WAKE

Baada ya 1892 Dunlop alihamia Dublin. Alipotoka katika kampuni alijishughulisha na biashara ya vitambaa. Mwaka 1896, mwaka mmoja baada ya kutoka kwake, kampuni iliuzwa kwa pauni milioni 3 za Uingereza. Utajiri mkubwa ulipita pembeni yake. Jina likabaki kwa kiwanda, mali ikaenda kwa wengine.

Mwezi wa kumi 1921 alishikwa na baridi, naye akafa kwa gafula tarehe 23, mwenye miaka 81. Alizikwa Deans Grange, karibu na Dublin. Hakuona Jeep wala Land Rover, wala hakupata kujua kwamba watoto wa Kivu watakata mapine ya zamani kutengeneza viatu na kuvalisha chukudu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Thomson na Dunlop: nani aitwe mvumbuzi? Toa sababu zako.

2. Kwa nini breki ya mkono peke yake haitoshe wakati gurudumu moja la nyuma liko hewani? Chora.

3. Kitu gani katika nyumba yenu kimetoka mbali, na nani alitoa jasho ili kifike?